Mwadingusha na Malgudi

Iko miji inayojulikana duniani kwa kazi yake, na iko miji inayojulikana kwa maisha ya watu wake. Na Mwadingusha yetu, ingawa ina watu wacheshi na wakarimu kama mji wowote niujuao, imewekwa daima katika fungu la kwanza, kwa sababu jicho la mgeni hutua juu ya mitambo kabla ya kutua juu ya nyuso. Atafutaye habari zake katika maktaba ataambiwa kwamba ni mahali penye maporomoko ya mto Lufira, ambayo Wabelgiji waliyaita Cornet, upande wa mashariki ya Likasi, katika Katanga ya Kongo. Kwamba katika miaka ya 1920 mto huo ulizuiwa kwa ukuta, maji yakaenea nyuma yake yakawa ziwa Tshangalele. Na kwamba mwaka 1930 nyumba ya mitambo, iliyopewa jina la Francqui, ilianza kutoa umeme uliosafiri juu ya waya mpaka viwanda vya shaba vya Likasi, ambayo zama za ukoloni iliitwa Jadotville. Yote hayo ni kweli, nayo yana heshima yake, maana jasho la baba zetu limo ndani. Lakini atakayeuliza ni chakula gani kipikwacho Mwadingusha siku ya arusi, au ni nani akaaye karibu na nani katika karamu, au watoto wa kule husimuliwa hadithi gani kabla ya kulala, atafunua kurasa mpaka achoke, na hatapata jibu.

Ng'ambo ya bahari, katika India, uko mji uitwao Malgudi, ambao haumo katika ramani yoyote kwa kuwa haukupata kujengwa. Aliyeubuni ni R. K. Narayan, mzaliwa wa Madras wa mwaka 1906, aliyelelewa katika utoto wake na bibi yake mzaa mama, na ambaye mwaka 1935 alitoa kitabu chake cha kwanza, Swami and Friends, kinachosimulia habari za mtoto wa shule, rafiki zake, baba yake mkali na bibi yake mpole. Tangu siku hiyo mpaka kufa kwake mwaka 2001, Narayan alirudi Malgudi mara kwa mara, akatuonyesha mto wake Sarayu, stesheni yake ya gari la moshi, mpiga chapa wake na mwuza halua wake, hata watu wa mataifa mengine ambao hawakupata kuiona India wakawa wanaijua Malgudi kuliko wanavyojua miji ya nchi zao. Mji usiokuwako una watu hai. Na mji wetu, ambao una watu hai, uko kama usiokuwako. Fikira hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Vitabu vya India vilinifikia kwa njia ambayo vitabu vingi humfikia mtu wa Katanga, yaani kwa Kifaransa, vikiwa vimekwisha pita katika mikono ya wengi na kurasa zake zimelegea. Cha kwanza kilikuwa kile cha Rabindranath Tagore alichokifasiri André Gide kwa jina la L'Offrande lyrique, nacho nilikistahi zaidi kuliko nilivyokielewa, kwa kuwa ujana hauna subira na maombi marefu. Hadithi fupi za Tagore ndizo zilizonifungua macho, hasa ile ya mchuuzi wa matunda kutoka Kabul aliyefanya urafiki na binti mdogo wa Kalkuta kwa kuwa naye alikuwa amemwacha binti yake mbali. Katika mji kama wetu, ambamo wanaume wengi walikuja kufanya kazi na kuacha watoto vijijini, hadithi ile haihitaji maelezo.

Lakini kitabu kilichokaa katika nyumba yetu kana kwamba ni mmoja wa jamaa ni Pather Panchali, cha Bibhutibhushan Bandyopadhyay, kilichotoka kwa Kibengali mwaka 1929, ambacho mimi nilikipata kikiitwa La Complainte du sentier. Nilikuwa nikikisoma jioni barazani, nikikigeuza kwa Kiswahili papo kwa papo, kwa ajili ya nkambo, bibi yetu mzaa mama, ambaye macho yake yalikuwa yamepungukiwa na nuru lakini masikio yake yalikuwa kamili. Humo mna mwanamke aitwaye Sarbajaya, mke wa kasisi maskini wa Kihindu, mwenye watoto wawili, Durga na Apu. Na katika nyumba ile yumo pia ajuza wa ukoo, Indir, asiyekuwa na mali wala mtoto, ambaye Sarbajaya humkemea, humnyima, na mwishoni humfukuza. Nilipofika hapo nkambo aliinua mkono.

“Ngoja, mwanangu. Huyu mwanamke hana wakubwa wa kumwonya?”

“Nkambo, ni maskini. Chakula hakiwatoshi.”

“Chakula hakijapata kumtosha mtu. Mzee hali kingi. Anataka tu kuitwa wakati wa kula.”

Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kutaja, mmoja baada ya mmoja, wazee wa ukoo wetu waliopata kukaa katika nyumba zisizokuwa zao, na nani aliyewaita kula na nani aliyejisahaulisha. Na mambo hayo, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameyasikia kabla, yalitoka kwa sababu ya kitabu cha Mbengali asiyepata kuuona mto uitwao Lufira. Tangu jioni ile naamini kwa yakini kwamba fadhila kubwa ya kitabu kizuri cha nchi ya mbali ni kuwafanya watu wa nyumbani waseme habari zao wenyewe.

Watoto wa kitabu kile, Durga na Apu, hula maembe mabichi kwa siri mama yao akiwa hayupo, wakiyatia mafuta na chumvi. Hapo watoto wote waliokuwa wakisikiliza barazani walicheka kwa furaha, maana hakuna mtoto wa Likasi wala wa Kapolowe asiyejua tendo hilo kwa vidole vyake: embe gumu la kijani lililoangushwa kwa jiwe kabla ya wakati wake, likakatwa vipande, chumvi ikamiminwa kiganjani pamoja na pilipili ya unga, meno yakafa ganzi, na machozi yakatoka bila ya mtu kukubali kuacha. Nami niliwaambia kwamba mwembe wenyewe ni mti wa India, ulioletwa pwani yetu kwa majahazi, kisha ukafuata misafara ya wafanya biashara mpaka Ujiji na Kasongo, ambako miti ya maembe ilikuwa alama ya mahali walipotua Waswahili. Na katika miji ya shaba ikapandwa kandokando ya njia kwa ajili ya kivuli. Pilipili nayo ilitoka Amerika, ikachukuliwa na merikebu za Wareno, ikaingia India na Afrika yapata wakati mmoja, na mahindi na mihogo vikafuata baharini humo humo. Kwa hiyo kiganja cha mtoto wa Likasi chenye embe na pilipili kina ndani yake safari za mabara matatu, naye hana habari, anaogopa tu mama yake asije akatokea.

Mapishi ya kwetu yanastahili kuandikwa kwa taratibu ile ile waliyoiandika Wahindi ya kwao, ambayo haimfanyii haraka msomaji. Ziwa letu lina samaki aitwaye makobo, na nkambo alikuwa akimtengeneza hivi. Humpasua mgongoni, wala si tumboni, akamkunjua kama kitabu, akampaka chumvi, akamlaza juu ya uchaga wa vijiti penye moshi wa kuni usiokuwa na mwali, kuanzia alasiri mpaka watu walale. Kesho yake humroweka katika maji ya vuguvugu, akamchambua miiba kwa vidole, huku akisema na watu wala hatazami anachokifanya. Hukaanga kitunguu na nyanya mpaka nyanya isahau kuwa ilikuwa tunda, akatia samaki, kisha karanga zilizotwangwa na kuyeyushwa kwa maji, akizimimina kidogo kidogo na kukoroga kwa upande mmoja, bila ya kugeuza mkono, mpaka mafuta yenyewe ya karanga yapande juu. Asiyeyaona mafuta yale hana ruhusa ya kuondoa chungu motoni. Wakati huo msichana wa nyumba anakuwa amekwisha chemsha maji ya bukari, ametanguliza uji, kisha anaongeza unga wa mahindi uliochanganywa na wa muhogo, na kusonga kwa mwiko mrefu hali amekibana chungu kwa miguu yake. Sombe, yaani kisamvu, huwekwa kando, na munkoyo, kinywaji kilicholala usiku kucha pamoja na mizizi yake katika mtungi, hunywewa baadaye kwa wakubwa kutangulia.

Siku hizi, mvua zikija na uvuvi ukafungwa ili samaki wazae, na hata wakati mwingine usiokuwa huo, mjini watu hula samaki wa baharini waliogandishwa, wanaoitwa tomsoni. Ni chakula halali cha mtu mwenye watoto wengi na fedha chache, wala siwezi kukidharau. Ninachokihuzunikia ni kwamba msichana aliyekulia mjini na tomsoni hana sababu ya kujifunza upande gani wa makobo hupasuliwa, na maarifa haya, ambayo hayajapata kuandikwa popote, yanakaa katika mikono ya wanawake wachache waliozeeka.

India yenyewe haikutufikia katika vitabu tu. Zamani za Msiri, aliyetoka Unyamwezi na kuweka dola yake Bunkeya, kaskazini ya Likasi, misafara iliyochukua shaba na pembe ilirudi na nguo, na miongoni mwa nguo hizo ilikuwamo kaniki, iliyotiwa rangi ya nili na mafundi wa India. Kisha ukaja wakati mwingine, usiokuwa wa biashara. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilitangaza kujitenga, na majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoletwa walikuwamo Wahindi wengi. Tarehe 5 Desemba 1961, Kapteni Gurbachan Singh Salaria aliuawa vitani katika Élisabethville, mji mkuu wa Katanga, na nchi yake ikampa Param Vir Chakra, nishani iliyo juu ya nishani zote za ushujaa huko. Na mwanzoni mwa Januari 1963 brigedi ya askari wa India iliuvuka mto wetu Lufira, madaraja yakiwa yamevunjwa mbele yake, ikaingia Jadotville tarehe 3 ya mwezi ule. Wala mwezi haukwisha kabla ya utengano wenyewe kwisha. Wazee wetu waligawanyika juu ya siku zile, na mpaka leo hawajapatana. Mimi sitaki kuwa hakimu kati yao. Nasema tu kwamba jamaa za Punjab walikaa matanga kwa ajili ya mtu aliyekufa katika nchi yetu, na kwamba nkambo alipoambiwa hayo aliuliza kama mama wa yule kapteni alikuwa hai wakati ule.

Swali hilo linanipeleka kwenye sikukuu, maana sikukuu kubwa kuliko zote kwetu, ukiondoa Noeli, ni siku ya wazazi, wazima na wafu pamoja. Kila tarehe 1 Agosti, nchi yote ya Kongo hupumzika kwa ajili yao. Katika Katanga ni kiangazi. Alfajiri ina baridi, majani yamekauka, na hewa ina harufu ya mioto ya porini. Watu hutoka mapema na majembe, mafagio na chokaa, wakaenda makaburini. Wanaume hupalilia, wanawake hufagia, na watoto hupewa kazi ya kuokota mawe yaliyotawanyika na kuyapanga upya kuzunguka kaburi. Kazi hiyo ndiyo madarasa yao. Mzee husimama penye kila kaburi akasema huyu ni nani, alizaliwa wapi, alimwoa nani. Na kwa kuwa Union Minière, kampuni ya machimbo ya shaba, iliwaajiri watu kutoka Kasai, Maniema, Rodesia ya Kaskazini na hata Rwanda, mtoto anayesikiliza vizuri hurudi nyumbani akiwa ameizunguka nusu ya Afrika ya kati bila ya kutoka katika uzio wa makaburi. Adhuhuri watu huoga, wakavaa. Na alasiri ni zamu ya walio hai. Mama hupewa kikwembe kipya, kinachokunjuliwa mbele ya watu wote kabla ya kufungwa kiunoni, baba hupewa shati au kofia, na watoto, ambao siku nyingine huhudumiwa, siku hiyo huwanawisha wazazi wao mikono.

Wahindu nao wana siku kama hizo, tena wao hawakutosheka na siku moja. Wametenga nusu ya mwezi, iitwayo Pitru Paksha, ambayo mwana huwatolea wazazi wake waliokufa matonge ya wali, akiwataja kwa majina kizazi baada ya kizazi. Na Watamil, watu wa nchi ya Narayan, mwezi wa Januari hufanya Pongal, sikukuu ya mavuno, ambayo mchele mpya hupikwa na maziwa na kuachwa kwa makusudi uchemke mpaka ufurike, na nyumba nzima hupiga kelele za furaha uporomokapo pembeni mwa chungu. Nyumbani kwetu, mahindi mabichi ya kwanza yakija, hakuna mtu wa kugusa hata punje kabla nkambo hajaonja. Na alipokuwa hana meno tena, tulimkwangulia punje tatu nne kwa kisu, akazitafuna kwa ufizi, akaitikia kwa kichwa, ndipo vurugu ikaanza. Laiti Narayan angaliiona vurugu ile, naamini angaliiandika.

Husemwa sana kwamba Mhindi hukaa na ukoo wake wote chini ya paa moja, ndugu na wake zao na watoto wao, na kwamba sisi tuliokulia katika kambi za wafanyakazi tumezoea nyumba ya mtu na mkewe na watoto wake tu. Nyumba zile kweli zilijengwa kwa fikira hiyo. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilipenda mfanyakazi awe na mke wake karibu, asitamani kurudi kijijini, na ikampimia chumba na posho kwa hesabu ya watu hao. Lakini hesabu hiyo haikumjua shangazi. Haikumjua mpwa aliyekuja kusoma, wala binamu aliyekuja kutafuta kazi, wala nkambo aliyekuja kumtazama mjukuu mchanga kwa juma moja akakaa mpaka mjukuu akaoa. Chumba kilichopimwa kwa watu wanne kililaza tisa, posho ikagawanywa, na adabu nzima ya kukaa pamoja, yaani nani aamke kwanza, nani anyamaze nani akisema, nani apewe kichwa cha samaki, ilibuniwa na mama zetu ndani ya kuta ambazo hazikukusudiwa kuibeba. Naiona kazi hiyo kuwa kubwa sawa na kazi ya ukuta wa Lufira, nayo haina jiwe la ukumbusho.

Basi kwa nini hatuna Malgudi yetu? Si kwa kukosa watu wa kalamu. V. Y. Mudimbe alizaliwa Jadotville hiyo hiyo mwaka 1941, akawa mwanachuoni ambaye dunia nzima ya elimu humsoma. Na katika Les Corps glorieux des mots et des êtres, cha mwaka 1994, amesimulia utoto wake, nao ni utoto wa mtu aliyelelewa na Wabenedikto, kati ya Kilatini na sala, mbali na moshi wa jikoni. Kiswahili nacho hakikukataa kuandikwa. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, alikusanya kwa Kiswahili cha Katanga habari za mji wa Élisabethville kama zilivyoonekana na wapishi na maboi, na mwaka 1990 Johannes Fabian akazitoa pamoja na tafsiri yake. Ni kitabu kigumu, kisichokuwa na nukta wala aya kama tulivyofundishwa, lakini kila neno lake limetoka katika kinywa cha mtu aliyekuwapo. Na kule pwani Shaaban Robert alikuwa amekwisha tufungulia njia kwa Maisha Yangu, mwaka 1949, kisha kwa wasifu wa Siti binti Saad, mwana wa mfinyanzi wa Unguja aliyesafiri mpaka Bombay mwaka 1928 ili sauti yake itiwe katika sahani za santuri. Ikiwa maisha ya mwana wa mfinyanzi yalistahili kitabu, hayakosi kustahili maisha ya mpika makobo.

Nadhani sababu ni kwamba shule ilitufundisha kuweka karatasi upande mmoja na nyumba upande wa pili. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, ya mtihani, ya barua ya kuomba kazi. Nyumba ilikuwa ya Kiswahili na Kisanga, ya kusikia na kukumbuka. Baba yangu, aliyefanya kazi katika nyumba ya mitambo, alikuwa akituletea gazeti la Mwana Shaba, na alilisoma kwa sauti, akitafsiri. Lakini sikupata kumwona akiandika habari yoyote ya nyumbani, isipokuwa tarehe za kuzaliwa kwetu ndani ya jalada la Biblia. Tarehe zile ndizo maandiko pekee ya ukoo wetu katika miaka thelathini tuliyokaa Mwadingusha.

Mpwa wangu wa kike, anayesoma Likasi, amenunua daftari kubwa la mistari na kuanza kazi hii bila ya kungoja mwongozo wangu. Sura ya samaki amekwisha imaliza, baada ya mama yangu kuirudisha mara kadha wa kadha kwa kosa la kuandika “koroga” bila ya kusema upande gani na mpaka lini. Sura ya makaburi ameiandika nusu; majina anayo, lakini vijiji walikotoka watu wa Maniema vinabishaniwa, naye amekataa kuandika lolote mpaka wazee wapatane au wakiri kuwa hawajui. Inayofuata ni ya nyimbo za arusi, na mama yetu mdogo wa Kapolowe, anayezijua kuliko sisi sote, ameahidi kuja kukaa nasi mvua zikianza na uvuvi ukafungwa, kwa maana katika miezi mingine yote soko la samaki halimpi nafasi.